Boti ya mnada wa mkopo Kyela au kuunda mpya Matema?

Mwanjelwa_Kwetu
Habari wakuu. Kuna boti ya mtu aliyeshindwa kulipa mkopo, inapigwa mnada Kyela wiki ijayo. Bei ya kuanzia milioni 14. Upande wa pili, seremala wa Matema ananiundia mpya kwa milioni 5 na nusu. Nichukue ipi?

Nahodha_Itungi
Ndugu, hapo hujatuambia kitu. Mbao au faiba? Urefu? Inauzwa na mashine au bodi tupu? Hiyo ya Matema je, ina mashine? Na kazi yake nini: kuvua usipa, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, kubeba abiria wa Lupingu, au kutembeza wageni?

MamaUsipa
Na mkataba wa mkopo umeuona? Hilo ndilo la kwanza.

Mwanjelwa_Kwetu
Samahani wakuu. Ni faiba, mita 8 hivi, na Yamaha 40. Ya Matema ni mbao, haina mashine. Kazi ni usipa. Mimi naishi Mbeya mjini, nitaweka nahodha. Mkataba sijauona.

FundiMashine
Basi kubwa unalonunua hapo ni mashine. Toa mfuniko, pima mgandamizo wa silinda zote, zisipishane sana. Fungua skrubu ya chini kwenye gia: oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Washa ikiwa majini, si kwenye pipa, ikimbize mpaka ipate moto. Uliza pia kama ilitumika pwani kabla ya kuletwa huku. Nyasa ni maji baridi, lakini chumvi ya Dar huendelea kula njia za kupozea. Kwenye faiba, gonga ubao wa nyuma inapofungwa mashine. Ukisikia mlio mfu, mbao za ndani zimeoza.

Dalali_Mstaafu
Niongeze kuhusu bei. Milioni 14 isikutishe wala isikuvutie. Mara nyingi bei ya kuanzia hutokana na deni lililobaki, si thamani ya chombo. Bei ya soko ni ile ambayo mvuvi wa pale mwaloni, samaki wanaposhushwa, angemlipa mwenzake bila haraka. Kaulize watatu wanne. Kisha punguza, kwa sababu mnadani unanunua kilivyo, hakuna wa kumrudishia. Chombo kilicholala juani mwaka mzima bila kuwashwa si sawa na kinachofanya kazi kila usiku.

MamaUsipa
Nawaeleza yaliyotukuta mimi na shemeji yangu. Boti ilikamatwa na mkopeshaji mmoja, tukashinda mnada. Masharti yalikuwa 25% papo hapo na salio ndani ya siku 14. Siku zile tunatafuta salio, boti imelala mchangani bila mlinzi. Tulipokwenda kuichukua kabureta si ile tuliyoiona, na tangi la mafuta halipo. Dalali akasema imeuzwa ilivyo. Tukameza, tukatengeneza. Tumeanza kazi tu, akaja kaka wa yule mkopaji na risiti ya mashine yenye namba zake. Dhamana kwenye mkataba ilikuwa "boti moja", mashine haikutajwa popote. Yeye ndiye aliyeinunua na kumwazima ndugu yake. Mashine ikapelekwa polisi kama kielelezo. Giza la mwezi likaja likapita, wenzetu wanawasha taa kuvua usipa ziwani, sisi tunahudhuria kesi. Kwa hiyo, mdogo wangu, namba ya mashine iandikwe kwenye mkataba wa mkopo, kwenye tangazo la mnada na kwenye hati ya mauzo. Zote tatu zifanane.

Mwanjelwa_Kwetu
Pole sana mama. Ndaga fijo, asante sana.

Nahodha_Itungi
Mimi nasema unda ya mbao. Ikipasuka unaziba ufa kwa kalafati hapo hapo ufukweni. Faiba ikitoboka kule kijijini Ikombe unamtafuta fundi mpaka Mbeya.

FundiMashine
Ikombe kuna mawe, faiba nzito inavumilia kuliko mbao. Na mbao zinakunywa maji, zinakula petroli.

Nahodha_Itungi
Inategemea mbao na seremala! Mwera, ule upepo wa kusini, ikivuma Juni nipe mbao yenye mkuku mzuri, yaani uti wa chini wa boti. Hizo faiba nyingine hazina uzito, zinarushwa.

Kijana_Rukwa
Kwa nini asije Rukwa? Ziwa halina kina, mashine ya farasi 15 inatosha, mtaji mdogo.

MamaUsipa
Rukwa kuna mamba na viboko, tena mtu anauliza habari za Kyela.

Dalali_Mstaafu
Turudi. Kabla ya mnada nenda TASAC, wanaosajili vyombo vya majini, na ofisi ya uvuvi ya halmashauri, uone chombo kimesajiliwa kwa jina la nani. Uliza pia kama kuna zuio la mahakama. Jirani wa mdaiwa hukwambia mengi kuliko tangazo.

Nahodha_Itungi
Na hilo la kukaa Mbeya? Bila ndugu yako pale mwaloni alfajiri usipa ukishushwa, hata boti ya bure itakutia hasara.

Mwanjelwa_Kwetu
Nina binamu Ipinda. Kesho nashuka Kyela na fundi, naomba kuona mkataba kwanza. Wakikataa, namfuata seremala, ingawa mashine sijui nitaipata kwa bei gani.

FundiMashine
Nitafute ukifika. Bei ya Yamaha 40 iliyotumika inategemea ni ya miaka gani.

Mtera_Iringa
Jamani, huyo seremala wa Matema anaweza kuja kuunda huku bwawani Mtera, au anaunda huko halafu tunaibeba kwa fuso?