Kipimo cha upitishaji joto na ubora wa biogesi: tukiamini kwa kiasi gani?

Mfugaji wa Rungwe:
Wakuu, habari za kazi. Mtambo wetu wa biogesi unalishwa samadi ya ng'ombe wa maziwa, na gesi yake huendesha jenereta ya kupozea maziwa. Siku nyingine jenereta hukohoa na kushindwa mzigo ingawa shinikizo la gesi halijapungua. Muuzaji mmoja anatushawishi tununue kifaa kinachopima namna gesi inavyopitisha joto, kisha kinaonyesha asilimia ya metani. Je, namba hiyo ni ya kutegemewa?

Fundi wa ala za vipimo:
Kanuni yenyewe ni sahihi. Ndani ya kifaa mna waya mwembamba, aghalabu wa platinamu, unaopashwa moto kwa umeme. Gesi inayouzunguka ikipitisha joto vizuri waya hupoa, ukinzani wake hushuka, na badiliko hilo ndilo linalosomwa. Kwenye nyuzijoto 25 metani hupitisha takriban miliwati 34 kwa mita kwa kelvini, ilhali hewa ukaa haifiki 17, na biogesi kwa sehemu kubwa ni hizo mbili tu. Mita moja ya ujazo ya metani safi hutoa takriban megajuli 36, kwa hiyo biogesi yenye metani asilimia 60 hutoa kama 22, na ikishuka hadi asilimia 45 hutoa 16 tu. Shinikizo haliwezi kukuonyesha tofauti hiyo.

Mkemia:
Nakubaliana na fundi, ila kuna mtego. Hewa ya kawaida hupitisha takriban miliwati 26, yaani katikati ya metani na hewa ukaa, hivyo kifaa hicho kikivuta hewa tupu kinaweza kuonyesha metani karibu nusu bila haya yoyote. Mpira wa gesi ukipasuka, mtaendelea kusoma namba ya kuridhisha. Mvuke nao hupotosha, maana gesi yenye nyuzijoto 30 iliyoshiba maji hubeba takriban asilimia 4 ya mvuke, ikausheni kwanza.

Pimeni pia kwa bomba la sindano: vuteni mililita 50 za gesi, kisha, mdomo wa bomba ukiwa ndani ya mmumunyo wa kostiki soda, vuteni kiasi kidogo na kutikisa, mkiwa mmevaa glavu na miwani. Hewa ukaa humezwa, metani hubaki, na hewa iliyovujia hubaki pia. Kwa hiyo gesi iliyobaki kwenye sindano, kama asilimia ya zile mililita 50, ikizidi namba ya kifaa, tafuteni tundu kabla ya kulaumu samadi.

Mfugaji wa Rungwe:
Asanteni sana. Na gesi asilia, kama ya Songo Songo, hupimwa vivyo hivyo?

Fundi wa ala za vipimo:
Gesi asilia ina ethani, propani na naitrojeni pamoja na metani, kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Kwa kawaida hutenganishwa kwanza kwa kromatografia, kila gesi ikatoka kwa zamu yake, na mara nyingi inayozihesabu mwishoni ni waya ileile ya moto.