Hela ya bati

*UKOO WA MZEE SHAABANI 🌴*
*Jumatatu, 14 Juni 2021*

Fadhili (Dar): Shikamooni wakubwa wote. Mmemsikia Rais, Mama Samia, jana kule Mwanza? Amewaambia Benki Kuu (BoT) wajiandae na sarafu za mtandaoni. Mimi nina hoja kuhusu mfuko wetu, naomba mnisikilize kabla hamjanipiga mawe 😅

Ba'mkubwa Hamisi: Marhaba. Nimemsikia, nilikuwa mbele ya TV. Alisema wajiandae. Ukiambiwa jiandae na mgeni, mgeni hajafika. Tangazo la BoT la Novemba 2019 linalosema sarafu hizo si halali nchini halijafutwa hadi sasa ninapoandika.

Shangazi Mwajuma: Ndiyo ile Bitcoin? Mwezi wa nne mlijaza humu picha za dola elfu sitini na kitu, mwezi wa tano mkanyamaza kama mmefiwa.

Fadhili (Dar): Siyo Bitcoin shangazi. Inaitwa PART, ya mradi wa Particl. Nyingi ya hizi sarafu hazina kazi, watu wanauziana tu. Hii ina soko ndani yake. Unapakua programu kwenye kompyuta, unaweka bidhaa, mtu wa popote duniani ananunua, malipo ni kwa hiyo hiyo PART. Hakuna kampuni katikati ya kukukata asilimia, hakuna wa kukufungia akaunti. Na sarafu zenyewe ni chache, kama milioni kumi hivi dunia nzima. Soko likichangamka, sarafu itapanda. Hoja yangu: kwenye ile 4,200,000 ya bati tutoe 2,000,000, tukae nazo mwaka mmoja.

Dada Rehema (mweka hazina): 😳

Dada Rehema (mweka hazina): Hiyo ni hela ya bati Fadhili. Masika haya Bibi amehama chumba kwa ajili ya kuvuja.

Fadhili (Dar): Najua dada. Ndiyo maana nasema nusu.

Ba'mkubwa Hamisi: DECI, wale wa kupanda na kuvuna hela, nao walianza hivi hivi. Watu wakapanda mbegu, 2009 serikali ikafunga, wengine mpaka leo hawajavuna.

Salim (Toronto): Asalaam aleikum wote. Huku ndiyo kumekucha. Ba'mkubwa kwa hilo nimtetee Fadhili. DECI ilimlipa wa jana kwa hela ya wa leo. Particl si upatu, hakuna anayelipwa kwa kuleta watu, na maandishi ya programu yako wazi, anayeweza kuyasoma anayasoma. Ni mradi wa kweli. Ulianza kama ShadowCash, 2017 wakabadilisha sarafu za zamani kuwa PART. Tuulizane mengine, hilo la utapeli tuliweke pembeni.

Fadhili (Dar): 🙏🙏 Asante kaka

Salim (Toronto): Usishukuru mapema.

Bibi Zainabu: *[ujumbe wa sauti, Rehema ameuandika]* "Mimi nauliza, hilo soko liko wapi? Na ushuru anakusanya nani? Maana soko lazima lifagiwe. Kama halina mwenyewe, nani anafagia?"

Shangazi Mwajuma: 😂😂😂 Mama!

Salim (Toronto): Msicheke. Bibi kauliza swali ambalo liliua soko kubwa kuliko hilo la Fadhili. Lilikuwa linaitwa OpenBazaar. Lilianzia hapa hapa Toronto, Aprili 2014, kwenye mashindano ya waandishi wa programu. Amir Taaki na wenzake walitengeneza kitu kinaitwa DarkMarket, miezi michache tu baada ya FBI kufunga Silk Road, lile soko la mtandaoni la dawa za kulevya. Wao hawakukiendeleza. Bwana mmoja Brian Hoffman akakichukua, akakibadilisha jina ili kiwe cha biashara halali. 2015 wakapata dola milioni moja kutoka kwa wawekezaji wakubwa, Andreessen Horowitz na Union Square Ventures. 2016 soko likafunguliwa. Bure kabisa, hakuna ada ya kuuza.

Dada Rehema (mweka hazina): Halafu?

Salim (Toronto): Januari mwaka huu wamefunga. Ada hamna, kwa hiyo mapato hamna. Programu ilikuwa nzuri, mimi mwenyewe niliijaribu. Wauzaji walikuwepo. Wanunuzi ndio walikuwa wa kutafuta kwa tochi.

Fadhili (Dar): Kaka hapo unalinganisha vitu viwili. OpenBazaar haikuwa na sarafu yake, watu walilipa kwa Bitcoin na nyinginezo. Particl wamejifunza. Ukiweka bidhaa unalipa ada ndogo, na ile ada inakwenda kwa watu wanaoacha sarafu zao kwenye mtandao kuulinda. Kwa hiyo Bibi, wafagiaji wapo na wanalipwa. Na sisi tukinunua tutakuwa miongoni mwa wafagiaji 😄

Salim (Toronto): Hoja nzuri, nakupa. Ila ada inatoka kwa wauzaji. Wauzaji wakiwa wachache, huo ufagio unakulipa nini?

Shangazi Mwajuma: Ngojeni, hapa mmeingia kwangu. Mimi nauza khanga Kariakoo na Insta mwaka wa ngapi huu. Fadhili nieleze kama mteja. Nimemtumia mtu wa Mwanza doti mbili, akasema hazijafika. Mimi nasema zimefika, kaunta ya basi wameniambia kachukua. Hakuna kampuni. Nani anaamua?

Fadhili (Dar): Hilo ndilo tamu lenyewe shangazi. Hakuna anayeamua. Tuchukue doti moja, ni 15,000, sivyo? Mnunuzi anafungia bei, 15,000, na juu yake rehani 15,000 nyingine. Na wewe muuzaji unafungia rehani 15,000. Zote zimekaa ndani ya mfumo, hakuna wa kuzigusa peke yake. Mzigo ukifika mnatia sahihi wote wawili, kila mtu anarudishiwa rehani yake na wewe unapata bei. Mmoja akileta ujanja, hela za wote zinabaki zimefungwa milele. Kwa hiyo tapeli anajitapeli mwenyewe.

Shangazi Mwajuma: Eh! Hiyo ya wote kuweka rehani nimeipenda. Kuna watu wangekoma. Juzi mmoja kanitumia meseji ya M-Pesa ya kutengeneza, jina na salio vimekaa sawasawa. Huyo angeweka rehani?

Fadhili (Dar): Umeona sasa 🔥

Shangazi Mwajuma: Nimeona, lakini sijamaliza. Mteja wangu mimi analia nimpunguzie buku mbili kwenye doti. Nimwambie leta thelathini, kumi na tano nitakurudishia? Ataniuliza kama nina homa. Dar hapa tumewazoesha lipa ukipokea, boda anasubiri mlangoni mama anakunjua khanga anasoma jina kwanza, akiona maneno hayamfai anarudisha. Huyo hawezi kuweka hata mia kabla hajaishika.

Shangazi Mwajuma: Na mimi je? Nikiwa na oda ishirini zilizoko njiani, rehani yangu 300,000 imelala humo. Hiyo ndiyo hela ya kurudi dukani kuchukua mzigo mwingine. Mtaji wa khanga haulali.

Mama Fadhili: Mwanangu mjibu shangazi yako.

Fadhili (Dar): Wanaweza kukubaliana rehani iwe ndogo nadhani… na siyo lazima khanga, kuna watu wanauza vitu vya kidijitali

Shangazi Mwajuma: Na ngoja. Hiyo rehani imefungwa kwa shilingi au kwa hiyo PART?

Fadhili (Dar): PART

Shangazi Mwajuma: Na hiyo PART bei yake imetulia?

Fadhili (Dar): *Ujumbe huu umefutwa*

Salim (Toronto): 😂 Nitamjibia. Januari 2018 ilipita dola 30 moja. Mwanzoni mwa mwaka jana ilikuwa chini ya dola moja. Programu ilikuwa inaboreka muda wote huo, soko lenyewe lilikuwa halijawekwa 2018 na 2020 lilikuwepo. Fadhili hilo lifikirie sana. Sarafu ilikuwa ghali soko likiwa ahadi, na soko lilipokuja ikawa rahisi. Bei ilikuwa inafuata upepo wa Bitcoin, siyo wingi wa khanga.

Ba'mkubwa Hamisi: Maelezo hayo ndiyo niliyokuwa nayataka tangu asubuhi.

Dada Rehema (mweka hazina): Mimi nina la kiofisi. Mfuko uko benki, unatoka kwa sahihi yangu na ya Ba'mkubwa. Hizo PART zitakaa kwa nani?

Fadhili (Dar): Kwenye pochi ya programu, kuna maneno ya siri unayaandika kwenye karatasi. Mwenye maneno ndiye mwenye hela.

Dada Rehema (mweka hazina): Kwa hiyo karatasi ikilowa hapa nyumbani kwetu ambako bati linavuja?

Mama Fadhili: 😂😂 Rehema jamani

Dada Rehema (mweka hazina): Sitanii dada. Na njia ya kuzipata ni ipi? Benki haziruhusiwi. Nimuulize mtu nisiyemjua nimtumie M-Pesa, anipe Bitcoin, Bitcoin nikaibadilishe kuwa PART kwenye hayo masoko machache yanayoiuza. Siku Bibi akilazwa nirudi njia ile ile kinyumenyume, kila kituo kinakata chake. Na bajeti imesomwa Alhamisi, tozo mpya ya miamala inakuja, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala.

Shangazi Mwajuma: Hiyo tozo usinikumbushe.

Fadhili (Dar): Lakini dada si ndiyo sababu ya kutafuta njia nyingine ya kulipana? Tozo huku, Insta ikiamka vibaya inakufungia ukurasa wenye wafuasi elfu ishirini, huna pa kulalamika. Shangazi ile 2019 ulilia wiki nzima ukurasa ulipopotea!

Shangazi Mwajuma: Nililia kweli. Hapo huna kosa. Siku ile ungenipa soko lisilofungika ningelipa chochote.

Salim (Toronto): Na hilo nakubaliana naye wote msimpuuze. Shida anayoisema ipo. Mimi swali langu ni lingine. Tuseme soko linafanikiwa, shangazi anauza humo kila siku. Mnunuzi ananunua PART asubuhi ili alipie khanga. Shangazi anaipokea jioni, anaibadilisha iwe shilingi akachukue mzigo. Nani amekaa nayo? Sarafu inayopita tu mikononi haina sababu ya kupanda hata soko likijaa.

Fadhili (Dar): Rehani! Rehani zinazifunga. Na zile za kulinda mtandao zimelala. Kwa hiyo zinazozunguka zinapungua.

Salim (Toronto): Hapo umenijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ulizoleta leo. Lakini unarudi kwa shangazi, kinachokupa faida wewe mwenye sarafu ndicho kinachomkera mfanyabiashara. Akilazimika kulaza mtaji, anaondoka. Akiondoka, rehani hamna.

Ba'mkubwa Hamisi: Na hiyo habari ya siri? Nimesoma kidogo hapa, wanasema mnunuzi hajulikani, kiasi hakijulikani. Mnauza nini mpaka mjifiche?

Fadhili (Dar): Ba'mkubwa hata akaunti yako ya benki hujaibandika mlangoni 😅

Shangazi Mwajuma: Pochi unaweza kuificha, mzigo je? Kifurushi kinaandikwa jina na namba ya simu, la sivyo kondakta anampa nani?

Bibi Zainabu: *[ujumbe wa sauti]* "Fadhili, mjukuu wangu, mimi sikatai. Babu yako aliuza ng'ombe akanunua redio, watu wakamcheka. Lakini aliuza ng'ombe wake."

Mama Fadhili: 🤭

Ba'mkubwa Hamisi: Nadhani mama amemaliza kazi. Mimi siungi mkono hata senti ya mfuko kwenda huko wakati tangazo la BoT lipo. Wakilifuta, njoo tena na hoja, nitaisoma.

Dada Rehema (mweka hazina): Na mimi sitii sahihi. Bati naagiza wiki ijayo, geji 28, fundi ameshapima.

Mama Fadhili: Mimi pia hapana, samahani mwanangu.

Salim (Toronto): Yako binafsi ni yako Fadhili. Ukiweka, weka ile ambayo ikipotea hutanipigia simu usiku. Na kabla hujanunua ya kuweka, nunua kitu. Kitu chochote humo sokoni, cha kukufikia Sinza. Halafu tuambie ilichukua siku ngapi na ulibishana na nani. Hiyo itakufundisha kuliko michoro ya bei unayotuma humu.

Fadhili (Dar): Sawa. Laki moja yangu ya ile kazi ya picha. Nimekubali mfuko usiguswe. Lakini na shangazi aweke khanga humo, tujaribu pande zote mbili.

Shangazi Mwajuma: Nakupa doti tatu, zile za "Mgeni njoo mwenyeji apone". Rehani unaweka wewe, mimi mtaji wangu haulali.

Fadhili (Dar): Poa. Naipakua sasa hivi.

*21:47*

Fadhili (Dar): Bado inavuta mnyororo mzima wa miamala tangu 2017. Bando la GB 5 limekata, laptop inaunguruma kama mashine ya kusaga.

Dada Rehema (mweka hazina): Bando usiliombe kwenye mfuko.

Shangazi Mwajuma: Ikimaliza niambie bei niandike ngapi. Na kwa PART ya leo au ya kesho?