Naombeni ushauri: panya wa kizimba kimoja kingamwili zimepanda, wa kizimba kingine zimegoma

Mwana_wa_Mkoani:
Wakuu heshima kwenu. Niko Ujerumani, mwaka wa tatu wa PhD upande wa kinga ya mwili, na hili jambo limeninyima usingizi. Kwa wasio wa fani: kuna seli T za kudhibiti, maabara tunaziita Treg, ambazo ni breki ya kinga. Panya ninaotumia wamebadilishwa jeni, Treg zao zina kipokezi cha binadamu cha sumu ya dondakoo. Panya wa kawaida sumu hiyo haimfanyi kitu kwa dozi tunayotumia. Hawa wangu ukiwadunga, Treg zinakufa, seli nyingine zinabaki salama. Nikishaziua nawachanja protini iliyobandikwa kemikali iitwayo NP, pamoja na shabu ya kuamsha kinga, halafu natoa damu na kupima kingamwili.

Breki ikitoka nilitegemea kingamwili zipande kwa wote. Kizimba kimoja zimepaa. Kingine ziko chini kabisa, sawa na kontrol, yaani panya wa kulinganishia. Hao wa chini wamekonda, manyoya yamesimama, wanaonekana wagonjwa. Swali langu ni moja tu: naruhusiwa kuwatoa kwenye hesabu?

Babu_Kijiwe:
Kijana, huku kwangu panya wamemaliza gunia la mahindi na hakuna aliyekonda. Lete hao wa kizungu tubadilishane.

Nyota_ya_Moro:
Msidharau panya. Hapa Morogoro panya buku wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya TB. Yule Magawa alipewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyofanya Kambodia. Jirani yangu alikuwa mlishaji wao, anawajua mmoja mmoja kwa jina. Mtoa mada panya wako wana majina?

Mama_Tumaini:
Mimi naomba niulize langu hapahapa. Mdogo wangu ana lupasi, daktari alisema kingamwili zake zinamshambulia mwenyewe. Hizo breki mnazozisema haziwezi kuongezwa?

Sahani96:
Mtoa mada, mimi ni fundi wa maabara, ELISA, kile kipimo cha kingamwili cha kubadilika rangi, ndiyo kazi yangu. Nijibu haya kwanza. Umepima aina gani ya kingamwili? Panya ni wa ukoo gani? Madume au majike? Na manyoya yao yana rangi gani?

Mwana_wa_Mkoani:
Nimepima IgG2a. Ukoo ni C57BL/6, majike wote, kontrol ni C57BL/6 wasio na kipokezi na walidungwa sumu ileile. Rangi ya manyoya inahusiana nini na swali langu?

Mchungaji_Elia:
Ndugu yangu, umepelekwa huko kwa kodi za watu au kwa ufadhili wa watu. Kumtoa mnyama kwenye hesabu kwa sababu amekuletea jibu usilolitaka ni uongo hata kama hakuna atakayejua. Na mnyama huyo alidungwa, alitolewa damu, atauawa. Angalau ahesabiwe.

Kipanga_wa_Buza:
Hii ni chai jamani. Mtu wa mwaka wa tatu PhD, ana msimamizi, ana wenzake, anakuja kutuuliza sisi wauza mitumba? Halafu kaulizwa rangi ya panya kapotea. Hana panya huyu, ameokota maneno mtandaoni. Haya tuambie: sahani ya ELISA ikiiva inakuwa na rangi gani?

Babu_Kijiwe:
Hata mimi nimeanza kuisikia harufu ya tangawizi.

Mwana_wa_Mkoani:
Kipanga, inakuwa bluu. Ukidondosha asidi ya salfa inageuka njano papo hapo, na usipowahi mashine visima vya pembeni vinakudanganya. Damu natoa kwenye mshipa wa shavu, matone machache tu, panya anatikisa kichwa anarudi kula. Sina sababu ya kutunga.

Na kuhusu rangi. Kizimba cha waliokonda ni weusi. Kizimba kilichopanda ni kahawia, kama panya wa porini. Weusi hawakutosha, nikaongeza watoto wa mradi mwingine wa chumba hichohicho. Mama zao ni wa ukoo wangu wenye kipokezi, baba ni wa ukoo mwingine, BALB/c.

Sahani96:
Hapo sasa. Ulikuwa umekalia jambo lenyewe.

Kwanza, C57BL/6 hawana jeni ya IgG2a kabisa. Wana IgG2c. BALB/c ndio wenye IgG2a, na watoto wako wa kahawia wamerithi kwa baba. Kipimo chako cha IgG2a kinawaona kahawia, weusi hakiwaoni vizuri, uwe umeondoa Treg au hujaondoa. Ndiyo maana weusi wako wamelingana na kontrol: kontrol nao ni weusi! Ulichopima ni ukoo wa baba.

Pili, kipokezi chako kimewekwa kwenye jeni ya Foxp3, ile inayowaka kwenye Treg, na Foxp3 iko kwenye kromosomu X. Jike aliyekirithi kwa mama peke yake, kila seli yake inazima X moja, hivyo karibu nusu ya Treg zake hazina kipokezi na sumu haiziui. Zinazobaki zinazaana kujaza nafasi. Kahawia wako hawakupoteza breki. Uliangalia kwenye mashine ya kuhesabu seli?

Mwana_wa_Mkoani:
Niliangalia. Weusi Treg zilikuwa zimekwisha karibu zote. Kahawia zilibaki kama nusu, nikajua sumu haijakolea.

Sahani96:
Basi kukonda kwa weusi siyo ugonjwa wa kuokota. Panya akikosa Treg kinga yake inamgeukia mwenyewe, ngozi, ini, mapafu, na ukiendelea kudunga anakufa ndani ya wiki chache. Unataka kuwatupa wale pekee ambao jaribio lilifanya kazi. Tena ukitumia shabu, jibu kubwa ni IgG1 na IgE. Kwa nini ulianza na IgG2a?

Mwana_wa_Mkoani:
Ndicho kitendanishi kilichokuwepo. Halafu muelewe na mimi: muhtasari wa utafiti wangu wa kuwasilisha kwenye mkutano wa kisayansi nimeshautuma, una mchoro wa kahawia peke yao. Sikuandika uongo, namba ni za kweli. Kichwa kinasema tukiondoa Treg kingamwili zinapanda, na hilo maabara nyingi wamelionyesha.

Mwalimu_Mstaafu:
Mwanangu, fani yako imeshapita hapa. Mwaka 1970 Gershon na Kondo walichanja panya chembe nyekundu za damu ya kondoo, wakaona seli za tezi ya thaimasi zinaweza kuzuia kingamwili zisitengenezwe. Wakaitwa mabingwa wa seli T za kukandamiza. Miaka iliyofuata kila mtu aliziona, na zikapewa alama iitwayo I-J. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 DNA ya panya ilipopimwa sehemu ile, jeni ya I-J haikuwepo. Kwa miaka mingi baada ya hapo ukitaja seli za kukandamiza watu wanaangalia pembeni. Na breki ilikuwepo kweli! Mtafiti Sakaguchi akaja na alama ya kuzitambua seli hizo, CD25, mwaka 1995, Foxp3 ikajulikana 2001, na Nobeli ya 2025 ikaenda kwake, kwa Brunkow na kwa Ramsdell. Wazo sahihi lilicheleweshwa na ushahidi mbovu. Kwa hiyo usiniambie kichwa cha habari ni cha kweli.

Kipanga_wa_Buza:
Nafuta kauli ya chai. Ila mzee hapo juu kaua.

Mama_Tumaini:
Swali langu la lupasi mmeliruka.

Mwana_wa_Mkoani:
Mama samahani. Kuongeza Treg kwa wagonjwa kunafanyiwa majaribio, lakini panya wangu hawatamsaidia mdogo wako leo. Kama amepewa haidroksiklorokwini asiiache hata akijisikia mzima, na macho yapimwe kama daktari alivyopanga.

Sahani, seramu zote, yale maji ya damu ninayopimia, ziko friza, nyuzi 80 chini ya sifuri. Naagiza kitendanishi cha IgG2c, na IgG1 napima wiki hii kwa wote, weusi na kahawia, kila kundi na kontrol ya ukoo wake. Muhtasari ndio siugusi kwanza. Msimamizi yuko likizo, nikiutoa bila yeye itaonekana nimechanganyikiwa.

Sahani96:
Likizo ana simu. Mpigie kabla ratiba ya mkutano haijachapwa, na mtumie picha ya vizimba vyote viwili, rangi zionekane. Akiziona hatahitaji maelezo marefu.