Folda za imeili ofisini zimevurugika: nafungua barua ya mteja huyu inatoka ya yule. Msaada wakuu

Mtoto wa Rangi Tatu

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, na ukiwa wa haraka nitashukuru zaidi, maana chakula hakipiti.

Nafanya kazi ofisi moja ya klaringi (kutoa mizigo ya watu bandarini) maeneo ya Samora. Barua zetu zinaingia kwenye Thunderbird, programu ya imeili, kwenye kompyuta ya mezani, na anayeishika ni mimi. Tangu juzi folda zimeanza vituko. Orodha ya Inbox inaonekana vizuri tu, lakini nikibonyeza barua ya mteja wa vitenge inafunguka ya mtu wa vipuri. Nyingine zinafunguka nyeupe pee. Folda ya "BL 2024" ndiyo haina kitu kabisa, na humo kulikuwa na BL (hati za mzigo wa meli) na invoisi za makontena ambayo bado yako bandarini. Mnajua storeji, ile ada ya mzigo kukaa bandarini, haimsubiri mtu.

Fundi mmoja wa Kariakoo ameniambia dawa ni kupiga Windows mpya na kuweka Thunderbird upya, barua zitajishusha zenyewe. Bei tumeshapatana, kesho asubuhi anakuja. Swali langu ni moja tu: ni kweli zitajishusha? Naomba majibu ya kitaalamu, matusi sitaki.

Tunda Dafu

Naweka kambi hapa.

Mzee wa Disketi

Kijana, Thunderbird hiyo ni ya juzi juzi, toleo la 1.0 lilitoka 2004. Sisi tulikuwa na Outlook. Faili lake la kuhifadhia barua, PST, kwa zile za zamani, mpaka Outlook 2002, mwisho wake ulikuwa GB 2. Likifika hapo ndiyo basi, halifunguki. Na faili likiharibika kulikuwa na kiprogramu kinaitwa scanpst.exe, unakionyesha faili, unakiacha kinachambua. Nilikuwa nakiwasha saa kumi jioni nakwenda zangu nyumbani Ilala, asubuhi nakuta barua zimerudi, nyingine zimewekwa kwenye folda ya vilivyookotwa. Sekretari wetu alikuwa mama mmoja wa Tanga, kila likipona ananikaangia samaki. Wewe tafuta scanpst.

Mtoto wa Rangi Tatu

Shikamoo mzee. Yangu si Outlook.

Shangazi Magomeni

Mwanangu, BL ni karatasi. Nimekaa bandarini miaka na miaka, kila mzigo ulikuwa na faili lake, kamba imefungwa, jina la meli kwa kalamu nene. Leo mnaweka mali za watu hewani halafu mnalia hewani. Kwani printa hamna?

Nondo Kumi na Mbili

Mleta uzi, kwanza mpigie huyo fundi asije. Kuweka Thunderbird upya hakugusi barua. Programu inakaa sehemu moja, barua zinakaa kwenye folda ya profaili, sehemu nyingine kabisa. Kwa hiyo utaifuta, utaiweka, utakuta uozo uleule. Na akifomati diski bila kutoa profaili kwanza, hapo hata huo uozo utautamani.

Sasa sikiliza. Kila folda unayoiona ni mafaili mawili. Kuna Inbox, lisilo na kiambishi nyuma, ambalo barua zote zimo ndani yake zimefuatana moja baada ya nyingine. Halafu kuna Inbox.msf, hiyo ni orodha tu inayosema barua fulani inaanzia wapi ndani ya lile faili kubwa. Orodha ikipishana na faili, ndiyo hayo: unabonyeza vitenge unaletewa vipuri. Mara nyingi ni tatizo dogo. Bonyeza kulia kwenye folda, Properties, kuna kitufe cha Repair Folder, orodha inaandikwa upya.

Ila usibonyeze bado. Nijibu kwanza: ni POP (barua zinashushwa kwenye kompyuta yako) au IMAP (zinabaki kule seva)? Faili la Inbox lina ukubwa gani? Na umebana folda, ile Compact?

Mtoto wa Rangi Tatu

Mkuu ubarikiwe. Ni POP, na niliweka isiache nakala kwenye seva kwa sababu kule nafasi ilikuwa inajaa wateja wanarudishiwa barua. Compact kuna kisanduku kinajitokeza kinauliza, mpaka sasa nakifunga. Inbox inasoma KB 4,194,301.

Nondo Kumi na Mbili

Endelea kukifunga. Ile kubana inaandika faili upya na kutupa barua zilizofutwa. Ukibana kitu kilichovurugika unaweza kutupa na nzima.

Hiyo namba sijaipenda. Diski au flashi iliyofomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, faili moja haliwezi kuzidi GB 4, ambayo ni KB 4,194,304. Wewe umegota hapohapo mlangoni. Diski ya Windows siku hizi ni NTFS, mpangilio mwingine, haina mpaka huo. Inbox yako inakaa wapi?

Mtoto wa Rangi Tatu

Ndani ya kompyuta.

Nondo Kumi na Mbili

Diski gani?

Mtoto wa Rangi Tatu

Mkuu nimesema ndani ya kompyuta ya ofisi. Hiyo inahusiana vipi na swali langu?

Nondo Kumi na Mbili

Fungua Help, halafu Troubleshooting Information. Kuna mstari wa Profile Folder. Ubandike hapa.

Mtoto wa Rangi Tatu

E:\barua

Tunda Dafu

E tena 😂😂 Nasogeza kiti.

Mtoto wa Rangi Tatu

Ndiyo, E ni flashi. Imechomekwa kwenye kompyuta, kwa hiyo iko ndani ya kompyuta, sijadanganya mtu. Diski C ilikuwa imejaa nyekundu. Isitoshe bosi anapiga simu saa tatu usiku anataka namba ya kontena, mimi niko Mbagala. Mlitaka nibebe kompyuta ya mezani kwenye daladala? Flashi ni GB 64, barua zote pamoja hazifiki GB 12, nafasi ipo tele. Nilifanya kwa faida ya ofisi.

Wakili wa Mchongo

Bosi anajua kwamba barua za wateja wake zinalala Mbagala? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Invoisi ina jina la mtu, simu yake, TIN yake. Ukiidondosha hiyo flashi kwenye daladala, ofisi yako itajieleza kwanza, halafu utajieleza wewe. Simtishi mtu, naeleza tu.

Shangazi Magomeni

Kamba na karatasi, Wakili. Kamba na karatasi.

Kachumbari Kali

Samahani jamani, mimi naona hapa tunanyweshwa chai, yaani stori ya kutunga.

Moja: flashi ya GB 64 yenye FAT32. Kwa miaka mingi Windows ukiiambia ifomati FAT32 kwa kitu kinachozidi GB 32 ilikuwa inakataa. Na flashi za ukubwa huo kutoka kiwandani kwa kawaida huja na exFAT, mpangilio mwingine, ambao hauna mpaka wa GB 4. Kwa hiyo ama flashi si 64 ama tatizo halipo.

Mbili: nimepita kwenye nyuzi zake za zamani. Mwezi wa pili aliuliza leseni ya wakala wa forodha inapatikanaje na mtaji wa kuanzia ni shilingi ngapi. Leo ni mfanyakazi mwaminifu anayepigiwa simu saa tatu usiku. Chagua moja kaka.

Tunda Dafu

Chai ya tangawizi hii. Nani ana maandazi?

Mzee wa Disketi

Si chai. Uongo wa kutunga hauna KB 4,194,301 ndani yake. Mtunzi angeandika "kama GB 4 hivi" akapita.

Wakili wa Mchongo

Au mtunzi anajua FAT32.

Mtoto wa Rangi Tatu

Kachumbari, kuuliza leseni ni kosa? Kila mtu aliyeajiriwa ana ndoto zake. Na kwa taarifa yako nusu ya wateja wa pale wamekuja kwa sababu yangu, namba zao ninazo kichwani, sihitaji flashi kuwaiba. Nimekuja kuomba msaada wa folda mnanigeuzia kibao. Kama uzi ni chai, modi aufunge.

Nondo Kumi na Mbili

Mambo ya leseni mtamalizana. Ila Kachumbari amegusa penyewe bila kukusudia. Mleta uzi, flashi ulinunua wapi, na kwa shilingi ngapi?

Mtoto wa Rangi Tatu

Kwa jamaa anayetembeza, Mtaa wa Kongo. Elfu nane. Imeandikwa 64 na ukiichomeka inasoma 64.

Nondo Kumi na Mbili

Nilihisi hivyo. Ni feki. Ndani kuna chipu ya GB 8 au hata 4, wameichezea idanganye kompyuta kwamba ni 64, na FAT32 wameiweka wao. Inapokea kila unachoiandikia, haigombi. Ukivuka ukubwa wake halisi, kinachofuata kinaandikwa juu ya vilivyotangulia au kinapotea kabisa, na majina ya mafaili yanaendelea kuonekana kama hakuna kilichotokea. Umeweka karibu GB 12. Kwa hiyo una maradhi mawili kwa pamoja: Inbox imegonga ukuta wa GB 4, na "BL 2024" huenda iliandikwa mahali ambapo hapakuwahi kuwepo.

Fanya hivi. Funga Thunderbird, usiandike chochote tena kwenye hiyo flashi. Tafuta diski nzima yenye nafasi, nakili folda yote ya barua humo, faili likigoma lirukwe. Kazi ifanyikie kwenye nakala. Mafaili ya .msf yabadilishe majina, usiyafute, halafu ielekeze Thunderbird kwenye nakala, itatengeneza orodha mpya. Na ingia kwenye barua za kampuni kwa kivinjari: siku Inbox ilipogoma kupokea, barua zilizoshindwa kushuka zinapaswa kuwa bado kule seva, maana POP hufuta baada ya kushusha.

Kachumbari Kali

Elfu nane kwa GB 64. Hapo naamini. Chai inabaki kwenye "faida ya ofisi".

Mtoto wa Rangi Tatu

Mrejesho. Nimeazima diski kwa jirani. Inbox imenakilika, nimebadilisha majina ya .msf, vitenge sasa inafungua vitenge. Barua za siku za karibuni nimezikuta kule seva kweli. Nondo, Mungu akuzidishie.

"BL 2024" imekataa. Nimeifungua kwa Notepad, mwanzo kuna barua chache, baada ya hapo ni vidudu tu mpaka mwisho.

Nondo Kumi na Mbili

Hizo usihangaike nazo, hata programu za kufufua data haziwezi kusoma kisichoandikwa. Lakini BL haikutumwa kwako peke yako. Aliyekutumia anayo kwenye Sent yake, na wakala wa meli anayo. Waandikie wakutumie tena, leo hii, anza na makontena yanayokula storeji. Na mwambie bosi kabla hajaambiwa na mteja.

Mtoto wa Rangi Tatu

Kumwambia bosi hapana, kwa sasa hapana. Atauliza flashi ilikuwa ya nini. Wateja nimeshawaandikia, wengine wamejibu na viambatanisho. Nimetumia Gmail yangu binafsi ili wasichanganyikiwe.

Kachumbari Kali

Ili wasichanganyikiwe 😂😂😂

Wakili wa Mchongo

Kijana, acha kuandika kwenye huu uzi.

Tunda Dafu

Nondo samahani, hata mimi flashi yangu nilinunua palepale Kongo. Najuaje kama ni feki?

Nondo Kumi na Mbili

Kuna programu ya bure inaitwa H2testw. Inaijaza flashi mpaka pomoni halafu inasoma ilichoandika. Hamisha vitu vyako kwanza, kwa sababu kama ni feki, hiyo kuijaza itavikanyaga.

Tunda Dafu

Imeleta maandishi mekundu. Hapo kwenye kuhamisha kwanza nilikuwa sijafika, nilisoma jina la programu nikashusha. Video ya harusi ya dada yangu ilikuwa humo. Nifungue uzi mpya au niendelee hapahapa?