Ulinganisho: diski ya nje, picha kamili ya diski au wingu kwa kompyuta ya ofisi ya upimaji ardhi, Dodoma

MpimajiAreaD

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninasimamia ofisi ndogo ya upimaji ardhi hapa Area D, na kazi yetu yote ya mezani hufanyika kwenye kompyuta moja yenye Windows 11 na SSD (diski ya kielektroniki isiyo na sahani zinazozunguka) ya terabaiti 1, ambayo mpaka sasa imebeba takribani GB 400 za michoro ya viwanja, vipimo vya uwandani, picha za droni, barua za wateja na hesabu za ofisi. Kompyuta ni nzima. Ninachotafuta ni maandalizi ya siku itakapogoma kuwaka, kwa sababu wateja wanaosubiri hati hawataki kusikia habari za kompyuta.

Nimeorodhesha njia tatu. Ya kwanza ni kuunganisha diski ya nje na kuwasha Historia ya Faili iliyomo ndani ya Windows, ambayo kwa kawaida huhifadhi nakala za mafaili yaliyobadilika kila saa. Ya pili ni kuchukua picha kamili ya diski, yaani mfumo, programu, mipangilio na mafaili yote kwa pamoja. Ya tatu ni kupandisha kila kitu kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni. Naomba mnilinganishie kwa vigezo viwili: muda wa kurudi kazini baada ya kompyuta kufa, na usalama wa nakala endapo ofisi itavunjwa na vitu kuibwa. Gharama tutaizungumza baadaye, kwani bosi ameshakubali kununua kifaa kimoja au viwili.

FundiMakole

Nitaanza na kigezo cha muda, maana ndicho wateja wangu hukisahau. Mtu mwenye nakala ya mafaili peke yake, kompyuta ikifa, atalazimika kuweka SSD mpya, kusakinisha Windows, kutafuta draiva (programu za kuendeshea vifaa) za printa na plota, kusakinisha kila programu, kuingiza leseni moja moja, ndipo arudishe mafaili. Mwenye picha kamili atawasha kompyuta kwa flashi ya kufufulia, atachagua picha ya mwisho na kuirudisha kwenye SSD mpya, kisha ataikuta kompyuta yake kama alivyoiacha, hata mpangilio wa aikoni mezani.

Pia tusiwe na tumaini la kizamani kwamba fundi ataokoa data kutoka kwenye diski iliyokufa. Diski ngumu za sahani mara nyingi hutoa dalili kabla ya kufa: hugonga, huwa nzito, faili hufunguka kwa shida. SSD inaweza kuwaka leo jioni na kesho asubuhi isionekane kabisa. Zaidi ya hapo, SSD za sasa hupokea amri iitwayo TRIM, ambayo huiambia diski kwamba nafasi ya faili lililofutwa sasa ni tupu na inaweza kusafishwa, hivyo programu za kutafuta mafaili yaliyofutwa mara nyingi hazipati kitu.

Kwa hiyo mimi ninasimama na picha kamili. Kwa toleo la bure, Clonezilla ni imara, ila sharti uwashe kompyuta kwa flashi, na wakati inafanya kazi huwezi kuitumia kompyuta kwa jambo lingine. Tena, kwa kawaida hudai diski ya kurudishia isiwe ndogo kuliko ile ya mwanzo. Toleo la bure la Veeam Agent huchukua picha huku Windows ikiendelea kufanya kazi, na baada ya picha ya kwanza huchukua mabadiliko peke yake. Wengi walizoea Macrium Reflect ya bure, lakini toleo hilo lilifikia mwisho wake mwanzoni mwa 2024. Kile kifaa cha zamani cha kutengeneza picha ya mfumo kilichomo ndani ya Windows bado kinaonekana, lakini Microsoft yenyewe ilitangaza tangu 2017 kwamba imeacha kukiendeleza, kwa hiyo sikishauri.

MhasibuKibaigwa

Fundi, kwa heshima zote, nadhani unampeleka mbali. Mtu akihama ghala hubeba magunia, habebi kuta. Windows inapatikana bure kwenye tovuti ya wenyewe, programu zinapakuliwa, na leseni nyingi siku hizi zimeunganishwa na akaunti. Kisichopatikana popote ni mafaili yake. Picha kamili ni kubwa, hula muda na nafasi, na ikiharibika sehemu moja unaweza kushindwa kuifungua yote, ilhali folda la kawaida kwenye diski ya nje linafunguka kwenye kompyuta yoyote ya jirani ndani ya dakika moja, kazi ikaendelea.

Ninaongeza jambo moja kwa upande wa hesabu, kwa kuwa mwenye mada ametaja hesabu za ofisi. Msinakili faili la programu ya uhasibu wakati programu imefunguliwa. Nakala inaweza kuonekana nzima kwa jina na ukubwa, kumbe imechukuliwa katikati ya kuandika, na siku ya kuirudisha programu inaikataa. Programu kama QuickBooks na Tally zina amri zake za kutoa nakala. Itumieni hiyo mwisho wa siku, na faili linalotoka ndilo linalopelekwa kwenye diski ya nje.

RamaniSingida

Mhasibu, hoja yako ni sahihi kwa ofisi ya hesabu, lakini kwa ofisi ya upimaji haitoshi, na nitaeleza kwa nini. Vipimo vya GPS hutoka katika mfumo wa majira ya dunia uitwao WGS84, wakati ramani nyingi za zamani tunazorejea zimo katika Arc 1960, mfumo wa zamani wa huku kwetu, na vigezo vya kubadilisha kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine mara nyingi hukaa ndani ya mipangilio ya programu, wala havimo ndani ya folda la mradi. Dodoma mjini ipo ukanda wa 36 kusini wa UTM (mfumo wa ramani unaoigawa dunia katika kanda), lakini ukivuka nyuzi 36 za longitudo kuelekea Kongwa unaingia ukanda wa 37. Ofisi iliyofanya kazi pande zote mbili ina mipangilio iliyorekebishwa kidogo kidogo na watu tofauti. Ukisakinisha programu upya ukaweka vigezo vya kukisia, mafaili yatafunguka bila kulalamika na mipaka ya viwanja itasogea mita kadhaa. Hasara ya namna hiyo ni mbaya kuliko kupoteza faili, kwa sababu faili lililopotea unaliona kwamba halipo.

Picha kamili hubeba mipangilio hiyo yote. Kama mtachagua njia ya mafaili peke yake, basi toeni vigezo hivyo kwenye programu, viandikeni kwenye waraka, na uwekeni pamoja na nakala. Msisahau pia ule ufunguo wa USB wa leseni ambao baadhi ya programu za upimaji huutaka uchomekwe ndipo zifunguke. Hakuna picha ya diski inayoweza kuunakili, hivyo utunzwe kama muhuri wa ofisi.

Kuhusu Historia ya Faili, kuna mtego. Haichukui kila folda. Huchukua maktaba za Windows, yaani Nyaraka, Picha na nyinginezo, pamoja na eneo la mezani. Wapimaji wengi hufungua folda lao moja kwa moja kwenye diski C na kuliita KAZI au VIWANJA. Hilo halitachukuliwa mpaka uliingize kwenye mojawapo ya maktaba. Taa ya diski itakuwa inawaka kila saa na folda muhimu kuliko yote halimo.

TEHAMA_Mtumba

Wachangiaji wamegusia mengi mazuri, lakini njia ya tatu haijapimwa bado, nami nitaipima kwa hesabu. GB 400 ni takribani megabiti 3,200,000. Kama kasi yenu ya kupandisha ni megabiti 10 kwa sekunde na haishuki hata mara moja, mzigo huo utachukua karibu siku 4 usiku na mchana. Kama ni megabiti 2, utachukua zaidi ya siku 18. Diski ya nje yenye USB 3 inayoandika MB 100 kwa sekunde itamaliza kazi hiyohiyo kwa saa moja na dakika chache. Tazameni kwamba kasi ya kupandisha mara nyingi ni ndogo kuliko ile ya kushusha ambayo hutangazwa kwenye matangazo ya vifurushi. Nafasi ya bure nayo ni ndogo: akaunti ya Google hutoa GB 15, OneDrive hutoa GB 5. Picha za droni peke yake zitaimaliza hiyo kwa mradi mmoja. Na wote tunakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Nakala iliyo ng'ambo peke yake ingekuwa haifikiki kwa urahisi siku hiyo.

Hata hivyo siliondoi wingu mezani, kwa sababu ndilo pekee kati ya hayo matatu ambalo mwizi wa ofisi hawezi kulibeba. Ninalipunguzia mzigo tu: michoro iliyokamilika, vipimo vya uwandani, hesabu na ule waraka wa vigezo alioutaja RamaniSingida. Vitu hivyo huenda visifike hata GB 20.

Lakini tutofautishe kusawazisha na kuhifadhi. Folda linalosawazishwa hufuata kila unachofanya: ukifuta kwenye kompyuta, linafuta na kule. Google Drive hushikilia vilivyofutwa kwa siku 30, na OneDrive ya binafsi vivyo hivyo. Baada ya hapo vimekwenda. Vilevile virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha, kama WannaCry iliyosambaa katika nchi zaidi ya 150 mwezi Mei 2017, hufunga chochote kinachoonekana kwenye kompyuta, ikiwa ni pamoja na diski ya nje iliyoachwa imechomekwa. Hapo ndipo njia ya kwanza, ile ya diski inayokaa muda wote, inapopungua nguvu.

Jambo la mwisho ni la kisheria. Mafaili ya wateja wa ardhi yana majina, namba za vitambulisho na nyaraka za umiliki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka masharti kuhusu kusafirisha taarifa za namna hiyo nje ya nchi. Kabla ya kupandisha, isomeni au mwulizeni mwanasheria wenu, na mafaili yenyewe yafungwe kwa nywila kwanza. 7-Zip hufanya hivyo bure kwa usimbaji wa AES wa biti 256.

Kijana_Ngongona

Samahani wakubwa. Je, haitoshi kufunga diski mbili ndani ya kompyuta ileile zikawa zinaandika sawasawa? Nimeona inafanyika kwenye seva za chuoni.

TEHAMA_Mtumba

Kijana, mpango huo unaitwa RAID, na seva huutumia ili huduma isisimame diski moja ikifa. Haulindi dhidi ya wizi, virusi, hitilafu ya umeme iliyoua vifaa vyote, wala mkono wa mtu aliyefuta folda, kwa kuwa diski zote mbili hutekeleza amri ya kufuta kwa wakati mmoja. Kwa kompyuta ya mezani, fedha ya diski ya pili ya ndani itumike kununua diski ya nje.

MpimajiAreaD

Nimewasoma wote kwa makini, na hoja ya vigezo vya Arc 1960 imenifanya niende kuangalia programu yetu. Kweli vigezo vimo ndani ya mipangilio wala si kwenye folda la mradi. Nimekubaliana na bosi tununue diski mbili za nje za terabaiti 2. Kila Ijumaa moja itachukua picha kamili, kisha itakwenda nyumbani kwake Ilazo, na ile iliyokuwa huko itarudi ofisini kwa ajili ya wiki inayofuata. Kazi za kila siku zilizokamilika, pamoja na nakala ya hesabu kwa amri ya programu kama alivyoelekeza Mhasibu, zitafungwa kwa nywila na kupandishwa kwenye wingu jioni, tukishapata jibu la mwanasheria. Historia ya Faili tumeiacha.

Lililobaki: nitajuaje kwamba picha hiyo inafaa bila kuhatarisha kompyuta iliyo nzima?

MhasibuKibaigwa

Mpango huo hata mimi naukubali, mradi nakala ya hesabu iendelee kuwa faili linalojitegemea.

FundiMakole

Ndugu Mpimaji, lifanye kwa ngazi. Kwanza, ifungue picha ukiwa ndani ya Windows na utoe mafaili machache, yakiwemo mchoro mmoja mkubwa na picha moja ya droni, uone kama yanafunguka. Pili, tengeneza flashi ya kufufulia, washa kompyuta kwa flashi hiyo, na uhakikishe kwamba inaiona diski ya nje na orodha ya picha zilizomo, kisha uahirishe kabla ya hatua ya kuandika. Tatu, ukipata SSD ya ziada isiyo ndogo kuliko ya sasa, toa SSD ya ofisi uiweke pembeni, funga ile ya ziada, na urudishe picha mpaka mwisho. SSD ya kazi ikiwa nje ya kompyuta hakuna kinachoweza kuiharibu.

Kabla ya yote hayo, angalia kama BitLocker, yaani kinga ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo, imewashwa. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 huwa nayo tangu mwanzo bila mwenyewe kuambiwa, na ukibadilisha vifaa au kuwasha kwa flashi inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo hupatikana kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuisajili kompyuta. Kama iliyotumika ni ya mfanyakazi aliyekwisha kuondoka, mtafuteni sasa. Uchapisheni kwenye karatasi, nakala moja ikae kwa bosi, wala usiwekwe ndani ya kompyuta ileile inayofungwa nao. Na ikitokea siku moja bodi ndiyo imekufa, picha huweza kurudishwa kwenye kompyuta nyingine mara nyingi, ila leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta hufungamana na bodi, kwa hiyo tengeni fedha ya leseni mpya.

Zile diski mbili zifomatiwe kwa NTFS, si FAT32; hiyo ni mipangilio miwili ya kupanga mafaili kwenye diski. FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4.