Mto Mekong na Mto Ruzizi: mkataba wa majirani una nguvu kiasi gani?

Mwalimu wa Jiografia (Kadutu, Bukavu)

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninafundisha jiografia katika sekondari moja hapa Kadutu, na muhula huu tumefika kwenye somo la maendeleo endelevu barani Asia. Wiki iliyopita nilichora ubaoni Mto Mekong, unaotoka nyanda za juu za Tibet, ukapita China, Myanmar, Laos, Thailand na Kambodia, kisha ukaingia baharini Vietnam. Nilieleza kwamba mwaka 1995 nchi nne za chini, yaani Laos, Thailand, Kambodia na Vietnam, zilitia sahihi mkataba na kuunda Tume ya Mto Mekong ili zitumie maji hayo bila kuumizana. Ndipo mwanafunzi mmoja aliponiuliza: ikiwa mkataba ulikuwapo, iliwezekanaje Laos ijenge bwawa la Xayaburi katikati ya mto huo ilhali majirani zake wa chini waliomba lisubiriwe?

Nilimjibu kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya ardhi yake, lakini jibu hilo halikumridhisha, na mimi mwenyewe halikuniridhisha. Watoto hawa wanaishi karibu na mahali ambapo Ziwa Kivu linamwaga maji yake katika Mto Ruzizi, nao wanajua kwamba ng'ambo ni Rwanda na kwamba mto ukishuka unafika Burundi kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika. Wakisikia habari za Mekong wanawaza ya kwao. Naomba mwenye ujuzi anieleze ushirikiano wa Asia unafanya kazi kwa namna gani hasa, na unakwama wapi.

Fundi wa Mitambo ya Maji (Ibanda, Bukavu)

Mwalimu, mwanafunzi wako ameligusa jambo lenyewe. Mkataba wa 1995 unaitaka nchi inayotaka kujenga bwawa kwenye mto mkuu iwajulishe wenzake na kushauriana nao, na muda wa kawaida wa mashauriano hayo ni miezi 6. Hata hivyo, mashauriano si ruhusa. Mkataba hauwapi majirani haki ya kukataza, na vilevile hausemi kwamba mwenye mradi anaweza kufanya lolote bila kujali wengine, kwa hiyo mambo yanabaki katikati, na hapo ndipo Xayaburi ilipopita. Laos ilileta mradi huo mezani mwaka 2010. Vietnam ilipendekeza mabwawa ya mto mkuu yasimamishwe kwa miaka 10 ili yachunguzwe kwanza, wajumbe hawakuafikiana, na ujenzi ukazinduliwa mwaka 2012. Mtambo wa megawati 1,285 ulianza kazi rasmi mwaka 2019, na sehemu kubwa kabisa ya umeme wake inanunuliwa na Thailand.

Hata hivyo nisingependa wanafunzi waondoke na fikra kwamba yale mazungumzo yalikuwa kazi bure. Kutokana na hoja zilizotolewa, mchoro wa bwawa ulibadilishwa, njia za kupitisha samaki zikaboreshwa, na ikawekwa milango ya chini ya kutolea mchanga na udongo. Kama hatua hizo zinatosha, hilo ni suala jingine, na mimi sidhani kwamba zinatosha, kwa maana samaki wa Mekong ni wa aina nyingi mno na kila aina husafiri kwa namna yake.

Ongeza pia kwamba China, yenye mabwawa makubwa kama Xiaowan na Nuozhadu juu kabisa ya mto, si mwanachama wa Tume hiyo. Kwa miaka mingi ilikuwa ikiwapa walio chini vipimo vya maji vya msimu wa mafuriko peke yake, na ni mwaka 2020 tu ilipokubali kuvitoa mwaka mzima. Mtu aliye chini ya mto na asiyejua ni lini milango ya juu itafunguliwa hawezi kupanga kupanda wala kuvua.

Mama Sambaza (Nguba, Bukavu)

Shukrani kwa maelezo, ndugu Fundi. Mimi ninafanya kazi na wavuvi na wanawake wanaokausha sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na ningependa Mwalimu awaeleze wanafunzi kuhusu ziwa la Tonle Sap kule Kambodia, kwa sababu bila ziwa hilo mtu haelewi kinachogombaniwa. Kila mwaka mvua zinapozidi, Mekong hujaa hadi maji yake yanasukuma mto wa Tonle Sap urudi nyuma. Mto unageuza mwelekeo, ziwa linapanuka mara kadhaa kuliko ukubwa wake wa kiangazi, na misitu ya kandokando inazama. Samaki huzaliana na kukua ndani ya misitu hiyo iliyofurika, na maji yanapoanza kushuka wavuvi wanapata mavuno ambayo ni kitoweo cha mamilioni ya watu. Kwa hiyo mafuriko ambayo mhandisi wa umeme anayaona kama maji ya kuhifadhiwa, mvuvi anayaona kama shamba lake. Bwawa likizuia maji ya masika na kuyaachia kiangazi, ziwa linachelewa kujaa na linajaa kidogo.

Mwaka 2020 serikali ya Kambodia ilitangaza kwamba haitajenga mabwawa mapya kwenye mto mkuu kwa miaka 10. Ni uamuzi wa nchi moja ndani ya mipaka yake, wala hauzuii yanayojengwa juu, lakini naona ni ushahidi kwamba sauti ya wavuvi inaweza kufika mezani.

Huko Vietnam madhara ni ya aina nyingine. Delta ya Mekong hutoa zaidi ya nusu ya mchele wa nchi hiyo, na ilijengwa na udongo ulioletwa na mto kwa maelfu ya miaka. Udongo huo sasa unakwama nyuma ya mabwawa, mchanga unachimbwa mtoni kwa ajili ya ujenzi, na katika ukame wa mwaka 2016 na ule wa 2020 maji ya chumvi yalipanda kutoka baharini hadi ndani kabisa ya mashamba.

Msomaji wa Goma

Mwalimu, nisamehe nikikuhamisha kutoka Mekong hadi Asia ya Kati, kwani mfano wa huko unafanana na Ruzizi zaidi. Wakati wa Umoja wa Kisovyeti, bwawa la Toktogul nchini Kirgizia lilifungulia maji wakati wa kiangazi ili yamwagilie pamba ya Uzbekistan na Kazakhstan, na majira ya baridi nchi hizo zilipeleka makaa ya mawe na gesi ili Wakirgizi wasigande. Baada ya umoja huo kuvunjika mwaka 1991, makaa na gesi vikawa bidhaa ya kununuliwa kwa bei ya soko, lakini maji yakaendelea kudaiwa bure. Kirgizia ikaanza kufungulia maji wakati wa baridi ili ipate umeme, na walio chini wakapata mafuriko wakati wasioyahitaji na uhaba wakati wa kumwagilia. Mwaka 1998 walitia sahihi mapatano ya kurudisha mabadilishano yale, nayo yakasuasua kwa sababu kila mwaka iliwabidi wapatane upya.

Mwaka 2023 nchi hizo tatu zilikubaliana kujenga pamoja bwawa la Kambarata-1 huko Kirgizia. Hapo ndipo ninapoona jambo la kuwaambia wanafunzi: sisi tulitangulia. Ruzizi II, mtambo wa umeme wa mto wetu uliokamilika mwaka 1989, ni mali ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja, tena chini ya kampuni moja. Mwenye hisa katika mtambo hana sababu ya kuunyima maji, na mtambo ukisimama, giza linaingia kwa wote watatu.

Mwalimu wa Jiografia (Kadutu, Bukavu)

Mama Sambaza, ndugu Fundi na ndugu wa Goma, nawashukuru kwa dhati. Nitarudi darasani na kusahihisha nilichosema kuhusu mamlaka ya nchi, kisha nitachora Toktogul na Ruzizi II upande kwa upande. Nimebaki na swali moja kwa Fundi: taka za plastiki zinazoelea ziwani na kuziba mitambo ya Ruzizi hutoka pande zote mbili za Kivu. Je, umiliki wa pamoja wa mtambo unamfikia pia mtu anayetupa chupa mferejini?

Fundi wa Mitambo ya Maji (Ibanda, Bukavu)

Bado haumfikii, Mwalimu. Mkataba wa mtambo unaishia kwenye mtambo. Walete wanafunzi wasimame juu ya daraja la Ruzizi siku moja baada ya mvua kubwa, wahesabu chupa zinazopita kwa dakika 10, halafu waandike hesabu hiyo hapa.