Tupeane uzoefu: pori limekufundisha nini kwenye bustani yako?

Fundi Bustani, Muheza

Wakuu, habari za leo. Mimi kazi yangu ni bustani, huu mwaka wa kumi na mbili. Natengeneza za watu Tanga mjini, na yangu iko Muheza nyuma ya nyumba. Uzi huu nimeufungua kwa sababu kila kitu kizuri nilichowahi kufanya bustanini sikukitoa kwenye picha za simu. Nilikiona porini kwanza, tena mara nyingi nikiwa nimechuchumaa. Nataka kusikia na ninyi mmeokota nini huko.

Naanza na langu: dughulushi, lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu huliita African violet.

Mteja alitaka kibaraza chake kijae maua ya zambarau. Nikanunua vyungu 14. Nikavijaza udongo wa mfinyanzi na samadi nyingi, kwa kudhani ua zuri linataka chakula kingi. Nikavipanga linapopiga jua, na kila asubuhi namwagilia kwa keni, maji juu ya majani. Wiki ya tatu majani yakatoka madoa ya kahawia, na shina ukiligusa linabonyea kama ndizi iliyopitiliza kuiva. Nikavitupa vyote 14 na pesa ya watu nikairudisha. Iliniuma sana, maana kosa lilikuwa langu peke yangu.

Miezi michache baadaye nikapanda mlimani hadi Amani, huko Usambara, kwenye msiba wa upande wa shemeji yangu. Njiani kuna mwamba unaochuruzika maji chini ya kivuli kizito. Kwenye ufa wa jiwe, upana kama kidole gumba, nikaona zambarau. Dughulushi yenyewe, kwao! Nikachuchumaa. Jiwe limelowa na limeota ukoga wa kijani, lakini majani ya dughulushi, yale yenye manyoya laini, yalikuwa makavu kabisa, kwa sababu mwamba wa juu umejitokeza kama upenu wa nyumba. Nikachungulia mizizi. Udongo wenyewe haujai kijiko cha chai: chembe nyeusi za majani yaliyooza, nyepesi, na maji yanapita bila kutuama.

Ndipo nikaelewa niliua nini. Nililitoa ua la mwambani nikalizamisha kwenye tope.

Sikuing'oa hata moja, na naomba na ninyi msing'oe. Hii ni mali yetu ya Usambara. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa eneo lile, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliipeleka kwao, ndiyo maana wanasayansi waliipa jina Saintpaulia. Leo iko madirishani dunia nzima, wakati huku kwake inapungua kwa sababu miti inayoipa kivuli inakatwa. Za kwangu nilizipata kwa jani moja moja kutoka kitalu cha rafiki.

Nyuma ya jiko nimejenga ukuta mfupi wa mawe bila saruji, upande usioona jua la mchana. Kwenye nyufa nimesindilia mboji ya majani iliyochanganywa na mchanga wa mtoni, na juu nimelaza jiwe bapa lililotokeza nje. Maji namimina kwa nyuma, yanashuka ndani ya mawe. Sasa wateja wakija wanautaka ukuta kama ule kabla hata hawajakaa.

Karibuni.

Mama wa Kisauni

Asante kwa uzi, ndugu yangu. Mimi niko Mombasa na uwanja wangu ni mawe ya matumbawe matupu. Ukipiga jembe linalia kama umepiga chuma. Nilinunua dongo jekundu lori mbili, mvua ya masika ikalipeleka lote barabarani.

Siku moja tuliwapeleka watoto Haller Park pale Bamburi. Wanangu wanaangalia twiga, mimi naangalia chini. Pale palikuwa machimbo ya saruji, pamekwanguliwa mpaka mwamba. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu miti. Alijaribu aina 26, zikashika 3 tu, na mvinje ukiwa mmojawapo. Lakini majani ya mvinje, zile sindano, yalilala chini bila kuoza. Akaleta jongoo! Jongoo wakala zile sindano, na kinyesi chao ndicho kikageuka udongo. Msitu mzima ule umesimama juu ya kazi ya jongoo.

Nilirudi nyumbani nikakoma kufagia chini ya mvinje wangu. Mwaka mzima majirani wananiuliza kama naumwa. Nikarundika na majani ya mwembe, na kila jongoo niliyemwona njiani nilimbeba kwa kijiti nikamleta pale. Msimu wa pili nilifukua kwa mkono: vipunje vyeusi vya duara, kama pilipili manga, vinanuka mvua. Unene wake haukuzidi kidole. Nilipanda rehani humo, hivi sasa inanifika kiunoni.

Nilikuwa nawaua jongoo kwa chumvi, Mungu anisamehe.

Mjukuu wa Marangu

Mama Kisauni umenigusa. Mimi nimezaliwa Marangu na naishi Kigamboni, kwenye mchanga. Nilipopata kiwanja mwaka 2019 nilitaka ukoka na maua ya mstari kama hotelini. Ukoka ulikauka miezi miwili, bili ya maji ikanikata pumzi.

Krismasi nikaenda nyumbani. Nilikaa na babu kihambani, yaani kwenye shamba letu la Kichaga linalozunguka nyumba, nikatazama juu. Jamani, nimekulia mle na sikuwahi kutazama! Juu kabisa mruka na mringaringa, jua linapita kwa kuchujwa. Chini yake migomba, chini yake kahawa, chini kabisa magimbi na maharage. Mpakani masale. Hakuna tone la jua linaloanguka chini bila kupokelewa na jani. Nikamuuliza babu nani alipanga hivi. Akasema wazee walipofyeka msitu hawakuutoa wote, waliacha miti waliyoihitaji wakapenyeza vyao katikati. Yaani kihamba ni msitu uliobadilishwa wakazi.

Kahawa Dar haiwezi, joto hilo litaiua. Nilichochukua ni zile ghorofa. Juu nimeacha mwembe na minazi niliyoikuta. Chini yake mipapai na migomba, kisha magimbi, tangawizi na mchaichai. Kwenye mchanga maji hayakai, kwa hiyo kila mgomba nilichimbia shimo la kimo cha goti, nikalijaza magogo ya mgomba yaliyokatwakatwa. Gogo la mgomba ni sponji, linashika maji. Kila tunapovuna mkungu, gogo lake linarudi shimoni.

Saa nane mchana watoto wa mtaa wanakuja kusomea mle ndani. Babu alipokuja kutembea alizunguka kimya, akachomoa jani moja kavu, akaniuliza, "Masale yako wapi?" Nimeshapanda.

Mtoto wa Mbinga

Mimi fupi tu. Kwetu Wamatengo wana ngoro, na ni kazi ya zaidi ya miaka mia. Wanafyeka majani, wanayalaza kama miraba ya daftari mlimani, kisha wanachota udongo wa katikati ya mraba na kufunika majani yale. Katikati linabaki shimo la kupokea mvua, pembeni linabaki tuta lenye majani yanayooza ndani. Mlima mkali kiasi kwamba unaupanda kwa mikono, na udongo hauteremki. Nina bustani ya mboga Songea mjini kwenye mteremko, nimetengeneza ngoro ndogo za hatua mbili kwa mbili. Mchicha unaota kwenye tuta, mashimo yanakunywa mvua. Anayesumbuliwa na mmomonyoko ajaribu.

Mgeni humu, Singida

Naomba na mimi nitoe onyo. Nilisikia udongo wa kichuguu una rutuba, na kweli mahindi yanayoota kando ya kichuguu huwa meusi kwa afya. Nikajaza vyungu 20 vya maua udongo wa kichuguu mtupu. Ulivyokauka ukawa tofali, miche ikanyongwa shingoni. Kwenye shamba mvua na mizizi inauvunjavunja, kwenye chungu hakuna wa kuuvunja. Sasa nachanganya sehemu moja ya kichuguu, mbili za mchanga na mbili za mboji, na adeniamu zangu (waridi la jangwani) zinachanua mpaka wapita njia wanasimama. Hilo nalo nilijifunza kwenye nyika: adeniamu inaota kwenye mawe yanayowaka jua, haina jani hata moja, imevaa maua ya waridi peke yake. Kiangazi nainyima maji makusudi. Wenye watoto muwe waangalifu, utomvu wake ni sumu.

Binti wa Lamu

Shikamooni wakubwa. Langu ni la harufu.

Bibi yangu alikuwa na mkilua mmoja, mti mdogo wa maua ya kunukia, nyuani, karibu na kisima. Jioni alichuma kilua na asumini na rehani, akatunga kikuba akakipachika nywelini. Bibi alipofariki, nilichukua mche nikaupanda mbele ya nyumba yangu, mahali pa heshima, jua kutwa. Miaka mitatu haukutoa ua. Majani ya manjano, yamekunjika.

Kisha nikaalikwa harusi Kwale, na mwenyeji wetu akatutembeza msituni. Nilikuwa natembea nyuma ya wenzangu nikasikia harufu ya bibi. Nawaambia kweli, nilisimama nikageuka kumtafuta. Nikatafuta ua, silioni. Lilikuwa limening'inia chini ya tawi, rangi ya kijani inayoelekea manjano, dogo, limejificha. Mkilua wa msituni, chini ya miti mirefu, miguu yake imefunikwa majani makavu yaliyokaa unyevu. Ndipo nikajua kwa nini bibi aliupanda nyuani kwenye kivuli cha ukuta, karibu na maji. Yeye alikuwa anajua unakotoka.

Nimeuhamisha. Nimeupa kivuli cha mti wa mkungu juu yake na majani makavu chini. Mwaka huu ulitoa vilua vinne.

Fundi Bustani, Muheza

Binti wa Lamu, nimesoma nikaacha simu kidogo. Allah amrehemu bibi.

Kuna wawili wameniuliza pembeni namna ya kuotesha dughulushi kwa jani. Chagua jani la katikati, si la zamani na si changa. Likate na kikonyo chake, kikonyo kibaki urefu wa pingili moja ya kidole. Kichomeke kwa kuinamisha kwenye mchanga wenye unyevu uliochanganywa na mboji iliyochekechwa. Funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, weka kivulini penye mwanga. Usimwagilie juu. Baada ya miezi miwili hivi, ukiinama karibu kabisa na mchanga, utaona masikio madogo ya panya yanachungulia pale kikonyo kilipoingia ardhini.

Mkilua sijawahi kuupanda. Mwenye mbegu au mche wa kitalu aniambie, ukuta wangu una kona yenye kivuli bado tupu.